Samaki Mgeni Tangini: Dawa Kwanza au Hadubini Kwanza?

HOJA: Samaki wa mapambo anapofika dukani au nyumbani, apewe dawa ya vimelea vya tumboni hata kama hajaonyesha dalili yoyote.

MUUZAJI: Mimi nasema apewe, tena mara tu akianza kula. Samaki hawa hawatoki peponi. Wengine wamevuliwa Ziwa Tanganyika, wakafungwa Kigoma kwenye mifuko ya oksijeni. Wengine wamefugwa kwenye mabwawa ya Asia, wakapita mikononi mwa madalali watatu kabla ya kunifikia Dar es Salaam. Kila walipopita wamechangia maji na wagonjwa nisiowajua. Nikisubiri tumbo livimbe, au mgongo ukonde mpaka uwe kama kisu, nitakuwa nasubiri maiti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

DAKTARI: Ufa huzibwa ukionekana, Mzee. Wewe unapiga lipu nyumba nzima kila mgeni akibisha hodi. Naomba tuanzie hapa: hiyo dawa unayowapa ni ya nini?

MUUZAJI: Ya minyoo.

DAKTARI: Minyoo ipi?

MUUZAJI: Minyoo ni minyoo, Dokta.

DAKTARI: Basi tumeachana njia mapema. Tumboni mwa samaki kuna wapangaji wa koo mbalimbali. Kuna minyoo ya mviringo: Camallanus mwekundu, anayechungulia kwenye tundu la haja, na Capillaria, mwembamba kama uzi. Kuna tegu. Halafu kuna viumbe wa seli moja wanaoogelea kwa mijeledi, akina Spironucleus, ambao wafugaji wengi wamezoea kuwaita Hexamita. Hao wa mwisho si minyoo kabisa. Levamisole hupooza minyoo ya mviringo lakini tegu haimsumbui. Praziquantel humwangusha tegu, ila Camallanus anaiogea tu. Metronidazole huua wenye mijeledi, na minyoo yote inaitazama. Kumpa samaki mwenye Spironucleus dawa ya minyoo ni sawa na kumpa mwenye jino bovu dawa ya macho.

MUUZAJI: Ndiyo maana natoa zote tatu, kwa zamu. Asiyeguswa na hii ataguswa na ile. Na usinitishe na hayo majina. Levamisole ndiyo ile Ketrax tuliyonyweshwa utotoni, na hakuna aliyetuchungulia choo kwanza. Metronidazole ni Flagyl, ipo kila duka la dawa.

MFUGAJI: Kabla hamjafika mbali, mimi ndiye mwenye tangi. Nimefundisha Hisabati mpaka nikastaafu, na sasa wanafunzi wangu ni samaki sita niliowanunua kwa Mzee huyu huyu. Ni Tropheus duboisi, bado wadogo, weusi wenye madoa meupe. Mmoja, wiki ya pili tangu afike, anakichukua chakula mdomoni kisha anakitema. Anajitenga nyuma ya jiwe. Kinyesi chake kimekuwa uzi mweupe mrefu unaoning'inia. Watano waliobaki wanakula vizuri. Niambieni: dawa niwape wote, nimpe mmoja, au nisimpe yeyote?

MUUZAJI: Wote sita, leo. Uzi mweupe ni vimelea, Mwalimu. Miaka yote hii dukani sijauona ukimaanisha kitu kingine.

DAKTARI: Uzi mweupe ni ute, Mzee. Vimelea wanaweza kuuleta, lakini utumbo mtupu pia huutoa. Samaki aliyekaa siku kadhaa bila kula atakuonyesha uzi huo hata kama hana mnyoo hata mmoja. Kwa hiyo uzi huo unaniambia kwamba hali. Hilo nimeshalijua. Sijajua kwa nini hali. Mwalimu, unawalisha nini?

MFUGAJI: Dagaa wa kusagwa. Mzee aliniambia hawa ni samaki wa Kigoma, na dagaa ndicho chakula cha kwao.

DAKTARI: Dagaa wa Tanganyika ni chakula cha migebuka, huko kwenye maji ya wazi. Tropheus anakaa kwenye miamba ya ufukweni, na kazi yake kutwa nzima ni kukwangua mwani juu ya mawe. Utumbo wake ni mrefu sana ukilinganisha na mwili, kama wa mla majani yeyote. Ukimjaza dagaa kila siku ni sawa na kumlisha mbuzi mishikaki. Atakula, na atafurahia, lakini tumbo litakuja kudai.

MUUZAJI: Nakubali, hapo kwenye dagaa niliteleza. Lakini hujanishinda, Dokta. Tumbo likichafuka kwa dagaa, nani anafaidika? Ni wale wale wenye mijeledi waliokuwa wamekaa kimya. Chakula kibaya kilifungua mlango, wao ndio walioingia na kuiba. Na mwizi akiwa ndani hukai unamlaumu mlango.

DAKTARI: Ni kweli kwamba wengi wao wanakaa kimya. Spironucleus unaweza kumkuta kwa uchache ndani ya samaki aliye mzima kabisa, anakula, anataga, hana shida. Maji yakichafuka, akipigwa na wenzake, akisafirishwa vibaya, akilishwa asichokiweza, ndipo wanazaliana kupita kiasi. Kwa hiyo ukimpa dawa mgeni aliye mzima unafukuza wapangaji ambao hawajavunja kitu, na huku sababu ya fujo umeiacha pale pale.

MUUZAJI: Aa! Basi umejimaliza mwenyewe. Kama samaki mzima naye anao, hiyo hadubini yako inasaidia nini? Utachungulia, utawaona, utasema mgonjwa. Utachungulia mwingine, utawaona, utasema mzima. Mimi na dawa yangu tumefika nyumbani zamani.

DAKTARI: Nitahesabu. Wawili watatu kwenye uwanja mzima wa kioo, na samaki anakula, namwacha. Wakijaa wanapigana vikumbo, na samaki anatema chakula, natibu siku hiyo hiyo. Hadubini haitoi hukumu peke yake. Ni shahidi, na shahidi husikilizwa pamoja na dalili. Wewe unahukumu bila shahidi.

MFUGAJI: Lakini watoto wetu wanahukumiwa hivyo, Dokta. Nimefundisha Kanda ya Ziwa. Siku ya dawa, wanafunzi wanapangwa mstari, wanapewa albendazole ya minyoo na praziquantel ya kichocho. Hakuna aliyeulizwa mkojo wala kinyesi. Mimi mwenyewe nimeshika kile kijiti cha kupimia urefu ili kujua mtoto apewe vidonge vingapi. Mbona serikali inatibu bila kupima, na hamlalamiki?

MUUZAJI: Mwalimu, Mungu akubariki. Hilo nililitafuta likanipotea. Na mama mjamzito kliniki je? Anameza SP kuzuia malaria, hana hata joto.

DAKTARI: Ni mifano mizuri, na siikimbii. Lakini angalieni kilichotangulia ile foleni. Kabla vidonge havijafika shuleni, wataalamu walishapima sampuli za watoto wa eneo lile na kujua kichocho kimeenea kiasi gani. Wamepima mji ndipo wakaacha kumpima mtu mmoja mmoja. Dawa inajulikana, dozi inajulikana, na kijiti ulichoshika, Mwalimu, ndicho kipimo chenyewe. Mzee, wewe samaki wa Kigoma umewapima lini? Wale wa Asia umewapima lini? Unatibu mji ambao hujawahi kuuchungulia.

MUUZAJI: Nimeuchungulia kwa hasara. Kila samaki aliyenifia ni sampuli.

DAKTARI: Maiti usiyemfungua tumbo si sampuli, ni hasara tupu. Na kama tunachukua mifano ya binadamu, chukueni na huu. Zamani homa yoyote ya mtoto mdogo ilikuwa malaria. Tulitoa dawa kwanza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza pale kipimo kinapopatikana. Tulipoanza kupima, homa nyingi zikaonekana si malaria: ni kifua, ni mkojo, ni kitu kingine ambacho muda wote ule hakikuwa kinatibiwa. Samaki anayekonda ndiyo homa yetu. Anaweza kuwa na Capillaria. Anaweza pia kuwa na kifua kikuu cha samaki, Mycobacterium, ambacho hakuna dawa ya minyoo inayokigusa, na ambacho kinaweza kuingia kwenye kidonda cha mkono wako unaposafisha tangi. Wewe utakuwa unamnywesha levamisole huku mkono wako umo ndani ya maji.

MFUGAJI: Hilo la mkono limenitisha.

DAKTARI: Mwenye kidonda avae glavu, basi. Sikusudii kutisha. Nasema kukonda ni lugha yenye maana nyingi.

MUUZAJI: Tuseme ukweli wa dukani sasa, Dokta, kwa maana wewe unazungumza ya maabara. Nina tangi la gapi mia na ushee. Siku moja namwona jike mmoja ana nyuzi nyekundu tatu nyuma, kama ndevu za moto. Huyo ni Camallanus, sihitaji hadubini. Lakini akishachungulia, huyo mnyoo ni mtu mzima, na hatagi mayai, anazaa watoto hai. Watoto wameshatawanyika mchangani. Wenzake wote wanaonekana wazima, wanacheza. Niwapime mmoja mmoja? Nisubiri kila mmoja aote ndevu?

DAKTARI: Hapana. Hapo natibu tangi zima siku hiyo hiyo, wazima kwa wagonjwa.

MUUZAJI: Rudia, Mwalimu asikie.

DAKTARI: Natibu tangi zima. Camallanus cotti asili yake ni Asia, akasambaa duniani pamoja na biashara ya samaki wa mapambo. Porini anahitaji kupitia mdudu mdogo wa majini kabla ya kuingia kwa samaki, lakini tangini ameonekana akitoka kwa samaki kwenda kwa samaki bila kumpitia mdudu huyo. Kwa hiyo mmoja akionyesha, wote ni washukiwa. Lakini tazama, Mzee: hapo umemwona, umemtambua kwa jina, ndipo umechagua levamisole. Hukumwaga Flagyl. Umefanya kazi yangu, ila hutaki kuiita kupima.

MUUZAJI: Na kama ningewapa wote levamisole siku walipofika, nisingeziona hizo ndevu kamwe.

DAKTARI: Huenda. Au ungewapa mara moja tu, ukaridhika. Levamisole inampooza mnyoo, utumbo unamsukuma nje. Watoto waliomo mchangani wanabaki. Usipofyonza uchafu wa chini ya tangi, ubadilishe maji mengi, na urudie dawa baada ya wiki mbili tatu, umewapunguza tu, na waliobaki ni wale walioizoea dawa. Wafuga mbuzi wanaijua hadithi hii. Dawa hizi hizi za minyoo zilitolewa ovyo, kwa dozi ndogo, kila mwezi, mpaka minyoo ya mbuzi ikazizoea. Ukiwanywesha wageni wako wote kila shehena, unaisomesha minyoo.

MUUZAJI: Mbuzi analiwa, samaki wangu ni pambo.

DAKTARI: Maji ya tangi lako yanaishia wapi?

MUUZAJI: Mferejini.

DAKTARI: Na mferejini yanakwenda mtoni, na mtoni kuna perege wanaoliwa. Metronidazole imepigwa marufuku Ulaya na Marekani kwa mnyama yeyote wa kuliwa. Pambo lako lina majirani.

MFUGAJI: Turudi kwenye tangi langu. Dokta anasema nipime. Nimejaribu. Nilimpigia daktari wa mifugo wa karibu nikamwambia nina samaki anaumwa. Akaniuliza ana kilo ngapi. Nikamwambia hafiki gramu kumi. Akacheka, tena kwa heshima, akasema kama si kuku wala ng'ombe anisamehe. Sasa nipimiwe na nani? Mzee hapa ana kasoro zake, lakini saa mbili usiku duka lake liko wazi na simu anapokea.

DAKTARI: Hilo ni pigo la haki, na linatuhusu sisi. Wengi tumesomea ng'ombe. Lakini kipimo chenyewe si cha hospitali kubwa, Mwalimu. Hadubini ya shule ya sekondari inatosha, ile ya kukuza mara 100 hadi 400. Unamweka mgonjwa peke yake kwenye ndoo au tangi dogo tupu, lisilo na mchanga, lenye pampu ya hewa. Akitoa kinyesi, unakivuta kikiwa kibichi kwa bomba la sindano lisilo na ncha, unaweka tone kwenye kioo pamoja na tone la maji yale yale, unafunika, unatazama ndani ya dakika chache. Kikikaa, wenye mijeledi wanakufa na hutaona kitu. Wakiwepo utaona vitu vidogo vinakimbia huku na huko kama daladala za Kariakoo. Yai la Capillaria lina umbo la pipa lenye kizibo kila upande. Ukiliona mara moja hulisahau.

MUUZAJI: Na asipotoa kinyesi? Samaki asiyekula hatoi. Ndiye huyo mgonjwa wetu.

DAKTARI: Kuna njia ya pili, na najua hamtaipenda. Ukiwa na kundi, na mmoja amefika pale ambapo harudi, unamlaza kwa mafuta ya karafuu. Kidogo humtia usingizi, yakizidi haamki. Kisha unamfungua akiwa bado mbichi, unatazama utumbo. Dakika kumi, na unajua waliobaki wanaumwa nini.

MFUGAJI: Nimuue ili nimjue?

MUUZAJI: Umesikia, Mwalimu? Mimi nawapa dawa, mwenzangu anawachinja. Halafu mimi ndiye mkatili.

DAKTARI: Mzee, ulisema kila samaki aliyekufia ni sampuli. Wangapi walikufa taratibu, siku tano, siku sita, wamelala ubavu, huku ukibadili dawa? Sisemi kila mgonjwa auawe. Nasema yule ambaye hana njia ya kurudi anaweza kuondoka bila maumivu na kuwaachia wenzake jibu. Huyo wa Mwalimu hajafika huko. Bado anasogelea chakula, na anayesogelea chakula bado anataka.

MFUGAJI: Basi nampa dawa kwenye chakula?

DAKTARI: Ndiyo njia bora kwa vimelea vya tumboni, kama anameza. Samaki wa maji baridi hanywi maji mengi. Ukimwaga metronidazole majini, inayofika utumbo ni kidogo. Kwenye chakula inakwenda pale pale. Lakini anayetema hamezi, na hapo ndipo tunapolazimika kupitia majini. Sasa muone shida ya kumngoja mpaka akatae chakula kabisa.

MUUZAJI: Hayo maneno yako ni yangu! Ndiyo sababu nasema apewe mapema, angali anakula.

DAKTARI: Nakupa nusu. Mapema, ndiyo, gizani, hapana. Mgeni akae peke yake wiki nne. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Mgeni wa samaki mpe wiki nne kabla hajashika jembe na wenzake. Ndani ya wiki hizo unamwona anavyokula, unatazama kinyesi mara mbili au tatu. Kikiwa safi, anaingia hana hata tone la dawa. Kikiwa kichafu, unamtibu akiwa bado na hamu ya kula, na tangi kubwa halijaguswa.

MUUZAJI: Wiki nne! Dokta, mimi nalipa pango la duka kila mwezi. Wiki nne ni pango zima samaki hajauzwa. Nitafuga matangi mangapi ya wageni? Wewe unahesabu vijidudu, mimi nahesabu umeme.

MFUGAJI: Lakini mimi sina pango, Mzee. Wiki nne ninazo. Kama wewe huwezi kuwashikilia, si uniambie tu nikanunue tangi dogo, badala ya kunihakikishia wameshatibiwa?

MUUZAJI: Ningekwambia hivyo ungenunua kwa jirani yangu, ambaye angekwambia wake hawana shida.

MFUGAJI: Labda. Lakini sasa nimenunua kwako na nina shida.

DAKTARI: Na hao wageni wanafikaje? Wamefungwa njaa kabla ya safari ili wasichafue maji ya mfuko. Ndani ya mfuko amonia imejaa. Ukiufungua, hewa chafu iliyokuwa ikiyatia maji uchachu inatoka, na amonia inageuka sumu kali zaidi, hasa kwa samaki wa Tanganyika ambao maji yao hayapendi uchachu. Samaki wa namna hiyo, utumbo mtupu, matamvua yameungua, ndiye Mzee anayempangia dawa tatu kwa zamu. Akifa, inasemwa minyoo ilikuwa mingi.

MUUZAJI: Nimesema akianza kula, sikusema akitoka mfukoni. Unisikilize kama ninavyokusikiliza.

DAKTARI: Samahani, Mzee. Ulisema hivyo.

MFUGAJI: Niwaonyeshe kitu. Juzi, kabla sijawaita, niliingia duka la dawa za mifugo. Nikasema nataka dawa ya minyoo ya samaki. Kijana akanipa chupa hii. Akasema inamaliza minyoo ya ndani na kupe wa nje.

MUUZAJI: Lete nisome. Ivermectin. Hapana! Mwalimu, hii usithubutu.

DAKTARI: Hapo mimi na Mzee ni kitu kimoja. Ivermectin ni sumu kali kwa samaki. Kinachomponya ng'ombe kupe kingekulazia tangi zima usiku mmoja. Na dawa za kunywesha mbuzi nyingi ni mchanganyiko. Unadhani umenunua levamisole, kumbe imefuatana na dawa nyingine ya kuua minyoo ya ini. Soma chupa yote, si jina la mbele tu.

MUUZAJI: Ndiyo maana nasema waje kwangu. Mimi nina levamisole tupu, ya unga. Mwalimu nilishampimia, nikamfungia kwenye karatasi kwa tangi lake.

DAKTARI: Ulimpimia kwa kijiko?

MUUZAJI: Kwa mizani ya sonara, Dokta. Usinidharau. Miligramu mbili kwa kila lita ya maji, saa ishirini na nne, kisha anabadilisha maji. Unga ni asilimia kumi, kwa hiyo gramu moja ina miligramu mia. Tangi lake ni lita 160. Inatakiwa miligramu 320, ndiyo gramu tatu nukta mbili za unga. Nimekosea wapi?

DAKTARI: Hesabu hiyo ni safi. Sijasikia duka lingine likinipa hesabu ya asilimia ya unga. Ila sijajua kama Mwalimu anahitaji levamisole. Na lita 160 mmezipata wapi?

MFUGAJI: Kwangu mimi. Urefu sentimita mia, upana arobaini, kimo arobaini. Zidisha, gawanya kwa elfu moja. Ujazo wa mche mstatili, nimeufundisha miaka thelathini.

DAKTARI: Na mawe yaliyomo? Samaki wa miamba wanataka mawe. Mchanga je? Maji yamefika ukingoni kabisa, au umeacha nafasi wasiruke nje? Umepima kioo, Mwalimu. Dawa haiingii kwenye kioo, inaingia kwenye maji. Ulipolijaza mara ya kwanza ulitumia nini?

MFUGAJI: Ndoo. Zile za lita ishirini.

DAKTARI: Ngapi?

MFUGAJI: Ngoja... Mjukuu wangu ndiye alikuwa akihesabu kwa sauti. Sita.

MUUZAJI: Sita? Lita 120?

MFUGAJI: Sita. Kwa kioo ni ndoo nane, kwa maji ni sita.

MUUZAJI: Basi ile karatasi niliyokufungia ni ya tangi la mtu mwingine. Ilitakiwa miligramu 240. Ungewazidishia kwa theluthi nzima.

DAKTARI: Levamisole huenda ingekusamehe. Ziko dawa zisizosamehe.

MUUZAJI: Mimi bado nasema samaki mgeni atibiwe. Hilo sijalihama. Lakini kuanzia kesho, mteja asiyejua tangi lake ni ndoo ngapi simfungii karatasi.

DAKTARI: Na mimi bado nasema apimwe kwanza. Lakini Mwalimu, lete hicho kinyesi kikiwa kibichi, saa yoyote, nitatazama. Siwezi kudai watu wapime wakati milango yetu imefungwa.

MFUGAJI: Mmebaki kila mtu pale alipokuwa, na sikutegemea vingine. Usiku huu dagaa nimewaondoa, nitawapa mwani na mboga. Mgonjwa anahamia kwenye ndoo peke yake na pampu ya hewa, mpaka Dokta aone kinyesi. Ile chupa ya ivermectin inarudi dukani. Na wewe msomaji mwenye tangi sebuleni, uwe upande wa Mzee au upande wa Dokta, safari ijayo ukibadilisha maji yote, hesabu ndoo uandike ukutani. Langu ni sita.